Pedi ya Mtu Mwenye Vidole Saba

Kuna neno moja la kwetu Singida ambalo mpaka leo likitamkwa mbele yangu damu inachemka. "Tutaagiza." Ukikosa kipuri cha baiskeli, tutaagiza. Ukikosa miwani, tutaagiza. Huendi dukani ukashika kitu ukakigeuza mwenyewe. Unamweleza ndugu yako, ndugu anamweleza kondakta wa basi, kondakta anamweleza kijana fulani wa Kariakoo, na huyo kijana, ambaye hajawahi kukutia machoni, ndiye anayekuchagulia. Kitu kikifika kimekosewa hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja aliagizwa tu.

Mimi niliagiziwa pedi ya gemu, kile kidude chenye vitufe cha kushika kwa mikono miwili, cha kuchezea mpira kwenye kompyuta. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa na kila kitu kinaingia: nguo za mitumba, redio za mitumba, mwishowe hata kompyuta za mitumba, na sisi watu wa bara tukawa tunapata yaliyobaki baada ya wengine kuchagua. Usidhani nilikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu zangu, na pedi hiyo niliihitaji kuliko nilivyohitaji kazi.

Kazi yenyewe nilikuwa nayo kabla, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Enzi hizo mashine za watu binafsi zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, mji mzima unanuka mashudu, na kijana mwenye nguvu hakukosa pa kujishikiza. Siku moja mkanda wa mashine ulinivuta mkono wa kulia. Vilikwenda vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete. Vilibaki dole gumba na kidole cha mwisho, vimesimama mbalimbali kama pembe za ng'ombe.

Aliyekimbia kuzima mashine, akavua shati na kunifunga mkono, alikuwa mwenzangu wa zamu. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Nzega, na mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ilongero, kwa hiyo tulikuwa watani. Asiyejua utani atasema tulikuwa tunatukanana tu. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kuja msibani kwenu, akaingia kaburini akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Huyu wangu hakuwa na adabu hata kidogo. Asubuhi alikuwa ananipokea langoni kwa kuuliza kama Wanyaturu tumeshajua kutumia sabuni, na mimi namwuliza leo kabeba mzigo wa nani. Siku isiyokuwa na utani wake ilikuwa ndefu.

Basi pale hospitali, mkono umefungwa bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto, nilimwona anaingia wodini na nikajikaza. Nilijua atasema neno baya. Nilikuwa nalisubiri kama mgonjwa anavyosubiri uji. Akasimama pembeni ya kitanda, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Nilitazama ukutani. Kukatwa vidole kuliniuma, lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha.

Nikarudi nyumbani kwa mama, na balaa la salamu likaanza. Kwetu mtu aliye na mkono mchafu, au anayekula, hatoi kiganja. Anakunja kiganja na kukupa kifundo cha mkono, wewe unakishika hapo, yanaisha. Watu wote wakaanza kunishika kifundo bila hata kuniuliza, jirani, shemeji, muuza mkaa, kila mtu. Nikawa mtu ambaye mwaka mzima yuko mezani anakula, na njaa ninayo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi, akiuza daftari na kuchapa kadi za harusi kwa kompyuta ya mitumba. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na gemu ya mpira. Kabla ya ajali, mimi na mtani wangu tulikuwa tunatoka zamu tunakwenda moja kwa moja pale, tunagawana kibodi, yeye upande huu mimi upande ule, na kelele zetu zilikuwa zinamfukuzia kaka wateja. Mtani alikuwa ananifunga sana, nakubali. Alikuwa na dalili moja: akicheza kwa moyo wote anainamia kioo na kutoa ulimi pembeni ya mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Nilipopona nilimwambia kaka nataka kucheza. Akamwita mtani wangu, akaja ameoga, amevaa shati la pasi, kama mtu aliyekuja kuposa. Tukakaa. Mkono wangu wa kulia haukuweza kufanya lolote juu ya ile mishale ya kibodi, maana mishale ile inataka vidole vilevile vitatu ambavyo havipo. Nikabadilisha mikono. Mkono wa kulia ukalala juu ya herufi nyingi kwa pamoja, mchezaji wangu akapiga shuti, akatoa pasi na kukimbia kwa wakati mmoja, akaishia kusimama. Hata hivyo nilishinda mabao matatu. Kipa wake alikuwa anaruka upande ambao mpira haupo.

"Umecheza vizuri sana," akasema mtani wangu.

Nilimtazama mdomo. Ulimi ulikuwa ndani.

Wiki nzima nilikuwa na hasira mpaka mama akaniuliza kama nina homa. Kaka ndiye aliyepata wazo. "Tafuta pedi," akasema. "Pedi inachezwa kwa madole gumba. Dole gumba unalo." Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, na nikaishika kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Nikipata pedi ya kunifaa nitacheza sawasawa. Nikicheza sawasawa hatakuwa na sababu ya kunihurumia. Asiponihurumia atanitania. Mengine yote, kazi, mchumba, watu wa salamu, niliyaweka kando. Nilitaka yule mshenzi anitukane kama zamani.

"Tutaagiza," akasema kaka.

Pedi ya kwanza ilikuja na basi, imefungwa kwenye gazeti, na ilikuwa nzuri kweli, nyeusi, ina mabawa mawili ya kushikia. Kaka akazunguka nyuma ya kompyuta na waya wake. Nikasikia anahema. Akajaribu huku, akajaribu kule, akaupindua. Tundu la kompyuta yetu lilikuwa pana, lenye mashimo mengi katika safu mbili, na kichwa cha waya ule kilikuwa cha gemu za kuchomeka kwenye televisheni. Kaka, ambaye ana imani kwamba kila kitu duniani kitaingia ukikisukuma, akasukuma mpaka nikamnyang'anya.

Kesho yake nikamfuata kondakta stendi, nimeongozana na kaka.

"Mlisema pedi ya gemu," akasema. "Hiyo si pedi? Hiyo si ya gemu?"

"Ya kompyuta."

"Neno kompyuta sikuambiwa."

Nikamgeukia kaka, kaka akasema alimwambia. Kondakta akaapa. Nikawaacha wanaapizana kwenye moshi wa basi. Kuirudisha haikuwezekana, maana kule Kariakoo kitu kikishatoka mlangoni muuzaji anakuwa hakujui.

Ya pili niliipata hapahapa mjini, kwa muuza redio wa sokoni, na hii niliikagua waya kabla ya salamu. Kichwa kilikuwa kipana, sindano safu mbili. Lakini ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki ngumu, na yule mzee hakutaka ifunguliwe.

"Shikamoo mzee. Naomba niishike tu."

"Marahaba. Si umeishika hiyo?"

"Nimeshika plastiki."

"Ukifungua umenunua, mwanangu."

Hiyo nayo ni sheria ya kwetu. Unachagua kiatu kwa macho, unachagua sufuria kwa macho, halafu nyumbani ndiyo mnafahamiana. Nikaifungua nyumbani, tukafahamiana. Ilikuwa ndogo na laini kama kipande cha sabuni. Hesabu ya kaka ilikuwa imesahau jambo moja ambalo hata mimi, mwenye mkono, sikuliona: dole gumba linabonyeza, lakini vinavyoshika pedi ni vile vidole vingine vilivyoko chini. Kila nilipobonyeza kitufe pedi ilinitoka mkononi na kuanguka. Ikaanguka mpaka kona yake ikapasuka. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nikaona hata methali siku hizi zinanicheka.

Mama aliiona ile shida akaenda uani, akarudi na ukanda wa mpira, ule wa kukata kwenye tyubu kuukuu ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Akanifunga pedi mkononi, akakaza kama anafunga gunia la mtama. "Haya, cheza," akasema. Ilikaa. Ila baada ya muda mfupi mkono ukawa mzito, wa baridi, na dole gumba likaacha kusikia kama linabonyeza au limelala. Mama alisimama pale anasubiri nimshukuru. Nikamshukuru, ningefanyaje?

Nikiwa nimefungwa hivyo nikaenda dukani kwa kaka, nikamwita mtani. Alipouona ule ukanda aligeukia kibodi. Tukacheza. Kipa wake akaruka tena upande usiokuwa na mpira, na beki wake akanipisha kama mtu anayempisha mkwe njiani. Nikafunga bao moja, nikafunga la pili, akapiga makofi.

"Aisee, pedi imekukubali, ndugu yangu."

Nikaanza kufungua ule ukanda kwa meno. Ulikataa. Nilitaka kuitupa ile pedi na sikuweza kuitupa kwa sababu ilikuwa imefungwa kwangu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikapiga kelele nikamwambia aondoke, aende kwao, asije tena na shati lake la pasi. Akaondoka. Angenijibu hata tusi moja ningemkimbilia nimrudishe.

Ndipo nikasema sitaagiza tena kitu chochote maishani mwangu. Nikapanda basi la Dodoma mwenyewe, kupitia Mkiwa na Manyoni, mkono mfukoni njia nzima, na kila basi liliposimama na wauza karanga wakanyoosha vikapu dirishani, nilinunua kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi, kama ilivyo adabu.

Dukani Dodoma kijana aliyekuwa anauza alikuwa na pedi za kila aina kwenye kabati la kioo. Nikamwambia nataka kushika moja moja.

"Ukifungua umenunua, kaka."

"Nisipofungua nitajuaje inanifaa?"

"Zote sawa tu. Watu wote wananunua hivyohivyo."

"Watu wote wana vidole," nikasema, na nikautoa mkono mfukoni nikauweka juu ya kioo.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe nimejiharibia. Uso wake ukalegea, akaita mwenzake alete kiti, akaagiza soda, akaanza kunisemesha polepole kama anayezungumza na kiziwi. Nilikuwa nimeingia mteja, nimegeuka mgonjwa. Lakini plastiki zikafunguliwa. Nikashika ya mabawa marefu: ilikaa vizuri, ila vitufe vya mbele vilitaka kidole cha shahada. Nikashika bapa: ikaanguka. Nikashika nzito, nikashika yenye mpira mpira pembeni, nikashika ya usukani wa ndege ambayo mwenyewe hakujua inatumikaje. Soda ikapata joto. Nilikuwa nimeanza kuona safari nzima imekwenda bure, na jinsi nitakavyoingia nyumbani na mama atakavyosema "si neno, mwanangu."

Chini ya kabati, nyuma ya makopo ya rangi ya duka la jirani, niliona boksi limejaa vumbi.

"Na lile?"

"Lile achana nalo, kaka. Halina soko. Kubwa mno, hata mtu hawezi kulishika."

"Lilete."

Lilikuwa bapa pana, zito, ukubwa wa ubao wa bao. Upande wa kushoto lina kijiti cha kusukuma, upande wa kulia vitufe vikubwa vya mviringo, vyekundu, kila kimoja kama kifuniko cha soda. Halishikwi. Linakaa mezani, au mapajani, nawe unalipiga kwa juu. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye kijiti. Nikaweka ule wa kulia juu ya vitufe: dole gumba likafika kwenye cha pasi, kidole cha mwisho kikafika kwenye cha kukimbia, na kitako cha kiganja changu, kigumu kwa miaka ya kubeba magunia, kikaangukia kwenye cha shuti. Nikabonyeza kimoja kimoja. Nikabonyeza tena. Sikutaka kutabasamu mbele ya yule kijana.

Kichwa cha waya nikakikagua. Kipana, safu mbili.

"Lichukue tu, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Liwe sadaka."

"Taja bei."

Akataja ndogo ya aibu.

"Taja ile ambayo ungemtajia mtu mwingine."

Tukabishana. Nadhani ni mimi peke yangu katika mji ule niliyewahi kubishana na mwuza duka ili apandishe. Mwishowe alikasirika kidogo, akataja bei ya mtu, nikalipa, tukaagana vizuri kuliko tulivyokutana.

Sitaki kusimulia sana habari za kuliunganisha. Umeme ulikatika. Uliporudi, mtu alikuja kuchapa kadi za harusi, akabadilisha jina la ukumbi, akabadilisha tena, bibi harusi akaja kukataa maua. Kompyuta nayo ikakataa kulitambua lile bapa, na ilipolitambua ikaligeuza, nikisukuma juu mchezaji anakwenda chini. Kaka akabonyeza kila kilichobonyezeka mpaka likakaa sawa, na mpaka leo hawezi kueleza alifanya nini. Kisha nikamtuma kaka amwite mtani wangu, nikimwambia amwambie naomba radhi, kwa sababu asingekuja vinginevyo.

Alikuja na shati lilelile. Akanishika kifundo cha mkono. Akalitazama lile bapa mapajani mwangu, akasema ni zuri, akachukua kibodi.

Tukaanza. Nilikuwa nacheza, jamani. Nilikuwa natoa pasi na inakwenda ninakotaka. Nikapita katikati, kiganja kikashuka kwenye kitufe, bao. Nikageuza macho. Alikuwa ameegemea kiti, mdomo umefungwa vizuri, ulimi ndani. Kipa wake alikuwa amelala upande wa pili wa lango.

Safari yote ile, vumbi lote lile, na bado.

Nikaacha kucheza. Mpira ukawa unabingirika peke yake kwenye kioo. Kulikuwa na wateja wawili mlangoni wanasubiri, na mama alikuwa ameleta chakula cha kaka, lakini sikujali. Nikamwambia, "Sikiliza wewe Mnyamwezi. Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, ndivyo mlivyozoea. Mimi si mzigo. Ukitaka kubeba, stendi ile pale, magunia yamejaa. Ukitaka kukaa hapa, cheza."

Akautazama mkono wangu, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku alipoufunga kwa shati lake. Akafungua vifungo viwili vya shati la pasi. Akausogeza uso wake mpaka karibu na kioo, na ulimi ukatoka pembeni ya mdomo.

Alinifunga mabao matano. La kwanza nilidhani ni bahati. La tatu lilipita katikati ya miguu ya beki wangu. La tano nilikuwa nimeshachanganyikiwa nabonyeza vitufe vyote, kipa wangu akatoka langoni kwenda sijui wapi. Kipenga kilipolia kwenye kompyuta, akaweka kibodi chini, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi:

"Mnyaturu, usisingizie vidole. Ulipokuwa navyo kumi nilikufunga, na leo nimekufunga. Hivyo vitatu umevipoteza bure tu, havikuwa vinakusaidia."

Kaka aliinamia daftari zake. Mteja mmoja akasema "Astaghafirullah." Mama aliweka chini sufuria, akaja juu, mara akamfokea kwa Kiswahili, mara kwa Kinyaturu, akimwuliza kwao amelelewa na nani, na kumtaka aniombe radhi palepale, kabla hajatoka mlangoni.

"Mwache, mama," nikasema. "Mwache."

Mtani wangu akaninyooshea mkono. Mimi kwa mazoea nikakunja kiganja nimpe kifundo. Akakipiga kofi, akasema hajaja kula, akaushika mkono wenyewe, dole gumba, kidole cha mwisho na lile pengo la katikati, akaubana mpaka ukauma. Nikamwambia ananuka jasho la Tabora. Kisha nikaliweka bapa vizuri mapajani nikaomba mechi nyingine, na akanifunga tena.